Kijiti cha Chokaa: Nakshi za Vyombo vya Tambuu na Kwa Nini Tunazipoteza

Kila mgeni akifika Lamu hupelekwa kutazama milango. Haki yake, milango ni mizuri. Lakini mlango ni kitu kikubwa cha kuonwa na watu, na mwenye nyumba aliyetoa pesa zake kulipia nakshi alitaka mpita njia ajue amepita kwa nani. Hilo laeleweka bila kufunzwa. Swali linalonishughulisha mimi ni jingine. Kwa nini fundi akae siku nyingi juu ya kitu kisichofika urefu wa dhiraa, kitu cha kutolea chokaa ya tambuu, ambacho kutwa kimefichwa mkobani na kikitoka huingia kinywani?

Nauliza sasa kwa sababu vyombo vya tambuu vyaondoka majumbani mwetu, na vyaondoka kimya kimya. Mlango wa kale ukibanduliwa, mtaa mzima hujua. Wazee watasema na makumbusho watapigiwa simu. Kijaluba cha bibi kikiuzwa, hata ndugu wa nyumba moja hawajui mpaka siku ya kugawa mirathi. Anayenunua hukipima kwa gramu kama ni cha fedha, au hukigongagonga kama ni cha shaba, akataja bei. Nakshi haimo katika hesabu yake, na mara nyingi haimo katika hesabu ya anayeuza pia.

Kwa vijana ambao tambuu waliikuta imeshakuwa kipakiti cha dukani, yafaa kwanza waelezwe ilivyokuwa. Huchukuliwa jani bichi la mtambuu, likapanguswa, likapakwa chokaa iliyoroweshwa, pengine na katu ile nyekundu. Juu yake hutiwa popoo iliyokatwa vipande, na kwa wapendao, tumbaku, iliki au karafuu. Jani hukunjwa likatiwa shavuni, na uraibu ukaanza. Katika vyote hivyo chokaa ndiyo yenye kazi kubwa. Bila chokaa, popoo ni kokwa ngumu ya kuchosha meno. Ukali wa chokaa ndio unaoifungua ile dawa iliyomo ndani ya popoo, iitwayo arekolini, na ndio unaoyageuza mate kuwa mekundu. Ikipungua, mtafunaji haoni kitu. Ikizidi, ulimi na mashavu huungua. Basi katika vyombo vyote vya tambuu, chombo cha chokaa ndicho kilichohitaji mkono wa kiasi.

Na vyombo vyenyewe vilikuwa vingi. Kulikuwa na sinia ya shaba, au chano cha mti kilichokerezwa, ambacho ndicho kilichobeba vyote mbele ya wageni. Kulikuwa na kitambaa kibichi cha kufunika majani yasinyauke. Kulikuwa na kijaluba kwa mtu anayetembea, kikopo cha chokaa, kinu kidogo cha kutwangia kwa wazee walioishiwa meno, na chombo cha kutemea. Na kulikuwa na mkasi wa popoo, ambao wengi wetu tuliuona utotoni bila kuutazama. Mikasi hiyo ilitengenezwa sana Bara Hindi, kwa chuma na kwa shaba, na mafundi wa huko waliichezea watakavyo. Utakuta mkasi ni tausi, au kasuku, au farasi. Ukiufunua, mishikio yake ndiyo mkia na miguu, na wembe umejificha kifuani. Popoo ikikatwa, ni ndege anayeuma.

Tambuu ya kukirimu mgeni si jambo la juzi kwetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza alivyopokelewa: mmoja wa watumishi wa sultani alikuja na sahani ya majani ya tambuu na popoo. Yeye akapewa majani kumi na popoo chache, kadhi akapewa vivyo hivyo, na yaliyobaki kwenye sahani wakagawiwa maswahibu zake na wanafunzi wa kadhi. Kisha wakamiminiwa marashi ya Dameski. Nataka msomaji atazame ile sahani. Tambuu haikutolewa mfukoni. Ililetwa kwenye chombo, ikahesabiwa, ikagawanywa kwa daraja, na hakuna aliyeachwa. Chombo ndicho kilichofanya iwe karamu.

Maneno yetu yenyewe yaonyesha ilikotoka. Tambuu na popoo ni maneno yaliyovuka bahari kutoka Bara Hindi, yakapitia midomo ya Waajemi na Waarabu kabla ya kutua kwetu. Na miti yenyewe, mpopoo na mtambuu, yatajwa kuwa asili yake ni nchi za joto za Kusini-Mashariki mwa Asia na visiwa vyake. Kutoka huko uraibu huu ulienda pande mbili. Upande mmoja ulikuja magharibi mpaka Unguja na Mombasa. Upande wa pili watu wa majahazi wengine kabisa, wenye mitumbwi ya ngalawa kama yetu, wautafuna mpaka Papua New Guinea na visiwa vya Bahari Kuu. Nilipoanza kutafuta ni wapi duniani vyombo vya tambuu vilichongwa kwa ustadi kushinda vyote, jibu halikuwa Pwani yetu wala Bara Hindi. Lilikuwa huko mwisho wa mashariki, na nafikiri tuna la kujifunza kwao kabla ya kurudi kwa vyetu.

Kwenye ncha ya kusini-mashariki ya Papua New Guinea kuna mkoa uitwao Milne Bay, na mbele yake visiwa vingi vilivyotawanyika baharini. Wataalamu wa sanaa huviita kwa jina moja, Massim. Miongoni mwake ni visiwa vya Trobriand, na kikubwa chao ni Kiriwina. Watu wengi waliosoma elimu ya jamii wamevisikia kwa sababu ya Bronisław Malinowski, aliyekaa huko nyakati za vita vya kwanza vya dunia na kutoa kitabu chake mashuhuri mwaka 1922. Kitabu hicho chahusu safari za mitumbwi na zawadi za mikufu na bangili za kombe zinazozungushwa kisiwa hadi kisiwa. Lakini ndani ya habari zote hizo, kila mtu anayetajwa ana popoo mdomoni na kibuyu cha chokaa pembeni.

Chokaa yao si kama yetu. Sisi huirowesha ikawa laini, tukaipaka juu ya jani. Wao huchoma makombe na matumbawe, wakaacha chokaa kavu ya ungaunga, wakaitia ndani ya kibuyu chenye mdomo mwembamba. Mtafunaji hutafuna popoo pamoja na mtambuu, halafu ndipo huongeza chokaa kinywani kidogo kidogo. Sasa fikiria: unga mkali, ndani ya kibuyu chembamba, na vidole vitaungua. Ndipo kikazaliwa kijiti cha chokaa. Ni kipande bapa cha mti au mfupa, upande mmoja mrefu na mwembamba kama ulimi, upande wa pili mshikio. Hukilowesha kwa mate, hukitumbukiza kibuyuni, hukitoa na chokaa iliyonata, hukilamba. Basi. Kazi yake yote ni hiyo, na kijiti cha mwanzi kingeifanya sawasawa. Masikini wengi walifanya hivyo.

Lakini vijiti vya Massim vilivyo bora ni vya mti mweusi mzito kama mpingo, vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa kama vimepakwa mafuta. Mshikio ndio uliobeba ustadi. Pengine ni mtu amechuchumaa, viwiko juu ya magoti na mikono kidevuni, kama mzee wa barazani anayesubiri habari. Pengine ni kichwa cha ndege wa baharini, kikarudiwa tena na tena mpaka midomo ya ndege ikageuka kuwa mizunguko kama mawimbi, hata usijue ndege ameishia wapi na wimbi limeanzia wapi. Kuna nyoka, kuna mamba, kuna nguruwe. Halafu kuna jambo ambalo lilinifurahisha kuliko yote: mistari iliyochimbwa kwenye mti mweusi hujazwa chokaa nyeupe, ili nakshi ionekane. Kile kile kinachobebwa na chombo ndicho kinachokipamba.

Angalia pia nakshi inasimama wapi. Ule upande wa ulimi, unaoingia kibuyuni na kinywani, kwa kawaida umeachwa laini, hauna mchoro. Ukiuchimba mistari, chokaa na mate vitaganda humo na kijiti kitaharibika. Fundi alijua mapambo yanaruhusiwa kufika wapi. Kwetu ni vile vile. Chukua mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kuozeshewa mwari: kibao kimejaa maua na vitundu, lakini ukikaribia meno ya chuma nakshi hukoma, kwa sababu hapo ndipo pa kazi. Chukua mwiko wa pilau wa zamani: mkono wake umechongwa, kichwa ni kitupu. Siku hizi nauona mwiko wa kuuzia watalii umechorwa twiga mpaka ndani ya kichwa chenyewe. Huo hautapika kitu. Ndivyo unavyotambua chombo cha fundi aliyekuwa akipikiwa nyumbani kwake na chombo cha fundi anayetazama meli ya watalii.

Vijiti vingine vya Massim vilichongwa mshikio wake ukapasuliwa kati, ili vikipigwa vilie, kama watoto wanavyogonga vijiti viwili. Na hata kisicholia chenyewe hulia kibuyuni, kikitikiswa kwenye mdomo wa kibuyu kukung'uta chokaa iliyozidi. Watu waliosafiri huko wamesimulia kwamba sauti hiyo ni lugha. Mtu aliyetulia hukigonga taratibu. Aliyeudhika hukisugua kwa nguvu na kila aliye karibu husikia. Waliozaliwa katika nyumba zenye bibi wa tambuu hawatashangaa. Mkasi wa popoo wa bibi yangu mzaa mama ulikuwa na namna mbili za kulia, na sisi wajukuu tulijua ipi ni ya kukaa na ipi ni ya kuondoka.

Sasa twende kwa mafundi wenyewe. Malinowski aeleza jambo kuhusu Kiriwina ambalo linafaa kutukera. Kijiji kilichosifika kwa uchongaji bora wa mti kiliitwa Bwoytalu, na watu wa Bwoytalu walikuwa miongoni mwa waliodharauliwa zaidi kisiwani. Walidharauliwa kwa vyakula vyao, kwamba wala taa na nguruwe wa mwitu, na kwa nasaba yao. Machifu wa mbali walishika vyombo vyao, wakavionea fahari, na bado hawakuketi nao. Mikono yatakiwa, mwenye mikono hatakiwi. Nani kati yetu Pwani aweza kusema hili ni la Papua peke yake? Wahunzi, wachongaji, wafuma mikeka, watengeneza viatu, kila mji wetu wa kale uliwahitaji, na ni miji michache iliyowapa nafasi ya mbele harusini. Siyu, kisiwani Pate, ulikuwa mji wa mafundi wa ngozi, wa mti na wa chuma, na kazi zake zilitafutwa Pwani nzima. Taja majina matano ya mafundi wa Siyu wa karne ya 19. Utamtaja Bwana Mataka aliyepigana na Busaidi. Mchongaji humtaji.

Kuhusu Massim, jina moja liliokolewa. Fundi aliitwa Mutuaga, wa kijiji cha Dagodagoisu, upande wa Suau kwenye pwani ya bara. Aliishi tangu miaka ya 1860 hivi mpaka karibu mwaka 1920. Vijiti vyake vya chokaa vilikuwa vimetapakaa katika makumbusho ya Ulaya, Marekani na Australia, vyote vimeandikwa kadi ya namna moja: kijiti cha chokaa, New Guinea, mchongaji hajulikani. Mtafiti wa Australia, Harry Beran, alivikusanya kwa macho. Aliona mkono ule ule: namna moja ya mtu aliyechuchumaa, namna moja ya kupinda mistari. Akafuatilia mpaka kwa wazao wa fundi kijijini, na kwa habari za mmishonari Charles Abel wa Kwato, ambaye alikuwa akimnunulia Mutuaga kazi zake. Mwaka 1996 alitoa kitabu kizima juu ya mtu huyo mmoja. Mwanamume aliyekuwa "mchongaji hajulikani" kwa miaka mia sasa ana jina, na watoto wa kijiji chake wana babu.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu tatu tu: chombo kilibaki, aliyekinunua aliandika kilikotoka, na kulikuwa na wazee waliokumbuka. Kimoja kikikosekana, jina halirudi. Haya ya Mutuaga nimeyaeleza kwa kirefu kwa makusudi, maana kwetu vyote vitatu vinakatika kwa wakati mmoja.

Kuna upande mwingine wa habari hizi ambao sitauruka, ijapokuwa hautampendeza kila msomaji. Zamani huko Trobriand, mtu akifa alizikwa, kisha akafukuliwa, na baadhi ya mifupa yake ya mikono na miguu ikachongwa kuwa vijiti vya chokaa vya kutumiwa na watu wake. Fuvu liliweza kuwa chombo cha kuwekea chokaa, akalitumia mjane. Kwao hiyo ilikuwa heshima na huzuni: wanawe walimbeba baba mkobani na kumtia kinywani kila siku. Serikali ya kikoloni iliipiga vita mila hiyo. Kwetu sisi Waislamu mfupa wa maiti una hishima yake na hauguswi, na hapo hatuna mjadala. Lakini ukiweka kando ule mshtuko, utaona jibu la swali nililoanza nalo. Kijiti hiki kilikuwa kitu kilicho karibu na mwili kupita vyombo vyote. Kilijua mate ya mtu, pumzi yake na meno yake. Kitu kama hicho hakiachwi kitupu. Bibi zetu wakisema "kijaluba changu" walisema kwa sauti isiyotumika kwa sufuria.

Tofauti kubwa kati yao na sisi ni sanamu. Fundi wa Massim mbele ya mti mweusi huona mtu, ndege, nyoka. Fundi wa Kiswahili mbele ya mti ule ule huona yungiyungi, jani, mnyororo, nyota, mstari unaojikunja ukarudi ulikoanza. Wako wanaodhani hilo ni upungufu, kwamba dini iliwafunga mikono. Mimi naona kinyume. Aliyekatazwa sura hujifunza hesabu. Tazama kifuniko cha kijaluba cha kazi nzuri: pembe nane zimetoka katika duara moja, na kila pembe imezaa ua, na hakuna nafasi iliyobaki wala iliyobanwa. Hiyo ni akili ya mtu aliyejua kugawanya duara bila kwenda skuli. Hata hivyo tusijidai watakatifu kupita kiasi, maana tausi wa mkasi wa Kihindi alikaa katika nyumba za masharifu miaka na miaka na hakuna aliyemfukuza. Na kuhusu vyombo vya fedha, mashekhe wana la kusema. Mimi si mufti.

Hapa msomaji mwenye mtoto ataniuliza: je, wataka turudie kula tambuu? La, na nataka jambo hili liwe wazi. Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, lilitangaza baada ya kupitia ushahidi kwamba tambuu husababisha saratani hata ikiwa haina tumbaku, na kwamba popoo yenyewe ni ya hatari. Ile yenye tumbaku ilikuwa imeshahukumiwa tangu miaka ya themanini. Ni saratani ya kinywa hasa. Huko Papua New Guinea kwenyewe, ambako popoo huitwa buai na watu wengi huitafuna, mji mkuu wa Port Moresby ulipiga marufuku kuuza popoo mwaka 2013, kwa sababu za afya na kwa sababu kuta na barabara zilikuwa zimegeuka nyekundu kwa mate. Marufuku hayo yaliondolewa miaka michache baadaye, kwani wachuuzi walikuwa wengi na tamaa haikusikia sheria.

Mate barabarani. Hapo ndipo vyombo vinaporudi katika mazungumzo. Sinia ya tambuu ilikuwa na chombo cha kutemea pembeni, nacho kilikuwa na nakshi kama vingine, ili kisitie aibu mbele ya wageni. Kulikuwa na kijiti au ncha ya kidole kilichopimwa chokaa. Kulikuwa na mkasi, na mkasi huchukua muda. Popoo moja hukatwa taratibu huku watu wakizungumza, na huwezi kutafuna kumi kwa saa. Kulikuwa na mtu wa kuombwa, maana sinia ni ya mwenye nyumba na mtoto haisogelei. Vyombo havikuondoa madhara ya popoo, lakini vilikuwa lango, na lango lilikuwa na mlinzi.

Kipakiti hakina lango. Popoo imeshakatwa, chokaa na tumbaku vimeshachanganywa na mtu usiyemjua kwa kiasi usichokijua, na bei ni ya mtoto wa skuli. Hukipasua, hukimimina mdomoni, hukitupa, hutema popote alipo. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka na jambo likaishia mahakamani, kelele zilikuwa juu ya majani yenyewe, kodi, na mkulima wa bara. Sikusikia aliyesema kwamba muguka haukuwahi kuwa na chombo kwetu. Umekuja ndani ya mfuko wa nailoni, bila mzee wa kuugawa, bila saa yake, bila mahali pa kutema. Uraibu wa kale ulipotoka kwenye sinia ukaingia mfukoni, uliacha adabu zake zote kwenye sinia. Na sasa twauza sinia.

Nimeona katika maduka ya vitu vya kale, hapa na kwingine, vijaluba vilivyosuguliwa kwa dawa ya shaba mpaka nakshi zimefifia kama sarafu iliyopita mikono mingi. Muuzaji hufanya hivyo ili ving'ae. Nimeona kikopo cha chokaa kikiuzwa kama cha kuwekea pete. Nimeona mkasi wa popoo umeandikwa kuwa ni wa kuvunjia njugu. Simlaumu muuzaji, hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo, kama kuna chombo cha tambuu nyumbani kwenu, na mara nyingi kiko ndani ya kasha la nguo au juu ya kabati nyuma ya vikombe vya wageni, kuna mambo machache ya kufanya kabla hakijapotea. Kwanza muulize aliye mkubwa nyumbani ni cha nani, kilikuja kwa njia gani, kama kilikuwa zawadi ya harusi au kililetwa na mtu wa chombo kutoka Kutch au Maskati, na kama yuko anayemjua fundi. Andika majibu kwenye karatasi, na karatasi uiweke ndani ya chombo chenyewe, si kwenye simu. Simu huibiwa na karatasi hukaa na mwenyewe. Akisema hajui, andika hivyo hivyo, na uandike jina lake yeye. Piga picha juu, chini na ndani, maana mafundi wengine huacha alama chini pasipoonekana. Ukitaka kukipeleka makumbusho, Fort Jesus au Lamu, kipeleke na karatasi yake. Bila karatasi kitaandikiwa kadi kama zile za Mutuaga.

Halafu tazama mahali palipochakaa. Chombo kilichotumika kweli kimelika pale kidole gumba kilipokaa, na kifuniko kimelegea upande mmoja, ule wa mkono uliokifungua. Ukikuta nakshi iko kali kila mahali sawasawa, huenda hakikutumika, au hakijafikisha umri unaoambiwa.

Na ukikuta kwenye kona za ndani, au ndani ya mistari ya nakshi, kuna kitu cheupe kigumu kilichoganda, usikikwangue wala usikitilie ndimu ili king'ae. Hiyo ni chokaa ya aliyekuwa akikitumia.